Tairi Linalopita Muyinga Mara Mbili

Mushasha, mjini Gitega, Burundi, ni mtaa unaojulikana kwa kanisa kuu la Kristo Mfalme. Mimi naukumbuka kwa spoki mbili. Fundi mmoja mzee alikuwa amepindua baiskeli pembeni mwa barabara, magurudumu juu, na kijana mwenye baiskeli amechuchumaa karibu naye huku akilinda mikungu yake ya ndizi isikanyagwe. Spoki tatu za gurudumu la nyuma zilikuwa zimekatika. Kijana aliuliza bei, akatajiwa, akanyamaza kidogo.

"Mzee, juzi hukunitajia hivyo."

"Mwanangu, ile ilikuwa bei ya spoki ya juzi."

Akanunua mbili. Tundu la tatu likabaki wazi. Fundi akakaza spoki za jirani, akalizungusha gurudumu mbele ya kidole gumba chake, akaona linayumba kidogo tu, akasema, "Litafika."

Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi za kazi lina matundu 40, la mbele 32. Ni kipimo cha baiskeli nyeusi za Kiingereza za inchi 28, ambacho viwanda vya India na China havijakiacha hadi leo. Kule Ludhiana, mji wa Punjab ambako Hero ilianza kuunda baiskeli mwaka 1956, hakuna anayehesabu spoki moja moja. Mushasha zinahesabiwa, na kila moja ina bei yake ya siku hiyo.

Ukiuliza sababu ya bei kupanda hivyo, jibu la kwanza utakalopewa, iwe Gitega au Muyinga, ni kwamba wafanyabiashara wakubwa wa Bujumbura wanawala watu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na nitalirudia, ila likisimama peke yake halielezi kitu. Mfanyabiashara mwenye tamaa yuko kila mahali duniani, lakini bei haipandi kila mahali kwa kiasi kile kile.

Malalamiko yenyewe si ya Burundi pekee. Waendesha baiskeli wa nchi tajiri wamelia kilio hiki kwa miaka mingi. Kampuni ya Shimano ya Japani, iliyoanzishwa mjini Sakai mwaka 1921, huuza gia na breki zake kwa njia mbili. Kiwanda cha baiskeli kinachonunua seti kwa maelfu hupata bei moja. Duka linalotaka seti tano kwa ajili ya matengenezo hupitia kwa msambazaji wa nchi yake na hupata bei nyingine kabisa. Ndiyo maana baiskeli nzima hugharimu kidogo kuliko jumla ya vipande vyake ukivinunua kimoja kimoja. Maduka makubwa ya mtandaoni ya Uingereza, kama Wiggle na Chain Reaction, yalikuwa yakimuuzia Mmarekani au Mwaustralia spea kwa bei ya chini kuliko duka la mtaani kwake, mpaka mwaka 2018 njia ya kupeleka bidhaa za Shimano Marekani ilipozibwa. Wasambazaji wa huko walijitetea kwamba wao ndio wanaoweka akiba ya spea, wanaobeba dhamana ya kifaa kikiharibika, na wanaolipa kodi ya nchi.

Utetezi huo haukuwa wa uongo. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa kule alikuwa na mlango wa pili, yaani kompyuta na kadi ya benki. Mnyonzi wa Gitega, kama wanavyoitwa huku waendesha teksi za baiskeli, hana mlango huo. Wala hanunui kwa ajili ya mashindano ya Jumapili. Ikinga, yaani baiskeli kwa Kirundi, ni chombo cha kazi: makaa, ndizi, kreti za vinywaji, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kwenye mteremko wa Bugarama kuelekea Bujumbura vijana hushuka na mizigo inayozidi uzito wao, kisha hupanda tena wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Kila mshuko unakula raba za breki. Mwezi Machi 2022 serikali ilipozipiga marufuku baiskeli na pikipiki za abiria katikati ya Bujumbura, wengi walipoteza soko lao bora, lakini tairi halikushuka bei kwa sababu hiyo.

Tuifuate basi njia ya tairi hilo. Burundi haina bahari. Mzigo mwingi wa kutoka Asia hushukia Dar es Salaam, na kutoka hapo hadi Bujumbura kwa barabara ni kilomita zipatazo 1,600. Njia ya zamani ilikuwa reli mpaka Kigoma, iliyofika huko mwaka 1914, kisha meli juu ya Ziwa Tanganyika. Njia inayotumika zaidi leo ni lori kupitia Ngara, kuvuka mpaka wa Kabanga na Kobero. Na Kobero iko Muyinga, mkoa ambao tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 umeingizwa ndani ya mkoa wa Buhumuza.

Hapa pana jambo la ajabu ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalioni tena. Lori lenye katoni za matairi huvuka Kobero, hupita karibu na mafundi wa Muyinga, halisimami. Linaendelea zaidi ya kilomita 200 hadi Bujumbura, kwa sababu maghala ya jumla, benki na ofisi za waagizaji ziko huko. Kisha tairi lile lile hupakiwa tena kwenye gari dogo na kurudishwa Muyinga, au kupandishwa Gitega kwa kukata safu ya milima inayozidi mita 2,000. Gitega ilitangazwa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019; biashara ya jumla haikuhama nayo.

Nauli ya lori ina siri nyingine. Burundi huagiza vitu vingi na kusafirisha nje vichache: kahawa na chai za msimu, na madini ambayo hayajazi lori. Dereva aliyeshusha mzigo Bujumbura mara nyingi hurudi Dar tela likiwa tupu, na mwenye lori hujua hivyo kabla hajaondoka bandarini. Kwa hiyo anayeagiza spea hulipia kwenda na kurudi. Ongeza uhaba wa mafuta uliobana nchi miaka hii ya karibuni, foleni za siku kadhaa kwenye vituo, petroli ya magendo kwenye madumu, na safari fupi ya Bujumbura hadi Gitega inaweza kugharimu zaidi kwa kila kilo kuliko kipande kirefu cha njia ya Tanzania.

Lakini umbali peke yake haufanyi kitu cha 100 kiwe cha 280. Kinachofanya hivyo ni asilimia kukaa juu ya asilimia. Tupige hesabu ya mfano, kwa namba nilizozichagua mimi ili kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda, wala si orodha ya bei ya duka lolote. Katoni ya spea imenunuliwa kiwandani kwa dola 100. Meli, bima na bandari zimeongeza 12. Lori na wakala wa forodha 13. Imefika mpakani ikiwa 125. Ushuru wa forodha hupigwa juu ya bei ya bidhaa ikiwa imeshabeba bima na nauli yake. Tuchukue 10%, mojawapo ya madaraja ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki: imekuwa 137.50. Kisha kodi ya ongezeko la thamani (TVA) ya 18%, ambayo Burundi iliianza mwaka 2009, nayo hupigwa juu ya jumla yenye ushuru ndani yake: 162.25. Mwagizaji ajiwekee 20%, muuzaji wa jumla 15%, mwenye duka Gitega 25%. Jumla, karibu dola 280.

Kati ya wauzaji hao watatu hakuna aliyejiwekea faida ya kushangaza. Asilimia 25 ya mwenye duka ina kodi ya chumba ndani yake, mlinzi, na rimu iliyokaa ukutani miezi minane bila mnunuzi. Lakini kila mmoja amepiga asilimia yake juu ya gharama zote zilizotangulia, zikiwemo kodi na faida za wenzake. Matokeo yake, kila dola moja iliyoongezeka kwenye nauli ya Dar imefika Mushasha ikiwa dola 2.24. Ukimwondoa mtu mmoja tu wa katikati, yule wa 15%, katoni inashuka hadi 243. Na afisa wa forodha akiiweka kwenye daraja la 25% badala ya lile la 10%, inapanda hadi 318. Kwa maneno mengine, ubishi wa mezani kuhusu kipande hiki ni cha daraja gani unaweza kumgharimu kijana wa ndizi zaidi kuliko faida ya muuzaji wa jumla.

Hadi hapa nimehesabu kwa dola, kana kwamba dola inapatikana. Haipatikani, na hapo ndipo kilipo kitovu cha suala lote. Mwezi Februari 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilizifutia leseni ofisi za kubadilisha fedha. Ziliruhusiwa tena mwaka 2022. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani kwa mkupuo mmoja, kutoka takriban faranga 2,100 kwa dola hadi zaidi ya 2,800. Pengo kati ya bei ya benki na bei ya barabarani lilitarajiwa kuzibika. Halikuzibika. Kufikia mwaka 2025 dola ya benki ilikuwa bado chini ya faranga 3,000, na ya mitaani ilikuwa imezidi mara mbili ya hapo.

Mwagizaji wa mafuta, dawa au mbolea anaweza kusubiri zamu yake benki, kwa kuwa bidhaa yake imo kwenye orodha ya mambo ya lazima. Nani atampa mtu dola za benki kwa ajili ya gololi na minyororo ya baiskeli? Muuza spea huzinunua mitaani, na katoni yake inageuka faranga kwa kiwango cha mitaani. Nchi nzima hukutana na bei hii kwenye vitu vingi, ila baiskeli ni ya mtu anayepata faranga tupu, siku kwa siku, wala hana ndugu wa kumtumia euro.

Sasa yale maneno ya mzee wa Mushasha yanaeleweka. Bei ya spoki haielezi spoki iliyo mkononi; inaeleza spoki itakayochukua nafasi yake. Akiiuza kwa hesabu ya aliyoinunulia na keshokutwa dola ikapanda, hela aliyoipata haitamrudishia mzigo. Atauza vizuri mpaka amalize duka. Mnunuzi huona bei inapanda juu ya bidhaa iliyokuwapo rafuni tangu mwezi uliopita na kuita hilo wizi. Muuzaji huona anakimbizana na mtaji wake mwenyewe. Wote wawili wanasema kweli, na ubaya wa fedha inayoyeyuka ni huo: huwafanya watu waaminifu wawili watazamane kama wezi.

Hapo sijamsafisha mwagizaji mkubwa. Pengo la bei mbili za dola hutengeneza faida isiyotokana na kazi yoyote: yeyote anayepewa dola kwa bei ya benki na kuuza bidhaa kwa hesabu ya mitaani amepata utajiri kabla lori halijawashwa. Na kwa kuwa dola hizo hazimfikii kila mtu, wanaoagiza wanabaki wachache, wanajuana, na kila mmoja anajua bei ya mwenzake. Mfanyabiashara wa Gitega anayetaka kuagiza mwenyewe hazuiwi na sheria. Anazuiwa na dola. Kwa hiyo wanaosema Bujumbura inawala wanalo la kusema, ila walao hawali kwa sababu wana tamaa kuliko binadamu wengine. Wanakula kwa sababu wamekaa mlangoni, na mlango umefanywa mwembamba na sera.

Mtu wa Muyinga atasema: mpaka uko karibu, si nivuke nikanunue mwenyewe? Wapo wanaofanya hivyo. Anavuka hadi Ngara, akiwa na nguvu anafika Kahama, anarudi na gunia. Akibeba maharage ya mkulima wa Tanzania, Jumuiya ya Afrika Mashariki imemtengenezea njia nyepesi: mzigo usiozidi dola 2,000, cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila ushuru. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozaliwa ndani ya Afrika Mashariki. Mnyororo wa India hauwi Mtanzania kwa kulala wiki tatu kwenye rafu ya Kahama. Aliyeununua dukani ameshalipa ndani ya bei ushuru wa Tanzania na VAT yake ya 18%, ambayo mtu wa gunia moja hana namna ya kurudishiwa. Akifika Kobero anadaiwa upya. Zimebaki njia mbili: alipe mara mbili, au apite porini usiku na kuiita safari hiyo biashara. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na umoja wa forodha mwaka 2009, na soko la pamoja linalosifiwa kwenye hotuba halijalifikia gunia hilo. Kuhusu njia ya Rwanda hapana la kuongeza: mpaka ulifungwa tena Januari 2024.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Mnyororo wa bei nafuu hulegea upesi, na mnyororo uliolegea hula meno ya gia. Ukibadilisha kimoja bila kingine, mnyororo unaruka. Tairi lenye uzi dhaifu hupasuka ubavuni kabla kashata zake hazijaisha. Kwenye sanduku la kadibodi vyote hivyo huonekana sawa na bora, na jina la kiwanda maarufu ni rahisi kulichapisha. Mwagizaji anayebanwa na dola hupunguza pale ambapo mteja haoni, yaani kwenye chuma. Hivyo kijana analipa zaidi kwa kitu kinachodumu muda mfupi zaidi, na gharama ya kweli, ile ya kila kilomita, haimo katika hesabu yangu ya 280. Hapa nawalaumu wauzaji moja kwa moja. Kukosa dola hakumlazimishi mtu kuuza daraja la tatu kwa jina la daraja la kwanza.

Mafundi ndio waliobeba pengo hilo. Raba ya breki hukatwa kwenye tairi la gari lililokufa na kuchongwa kwa kisu mpaka iingie kwenye kiatu chake cha chuma. Gololi huoshwa kwa mafuta ya taa, zilizokatika hutupwa, nzima zinarudi na grisi mpya. Tyubu yenye viraka kumi na mbili hupewa cha kumi na tatu. Watu husifu ubunifu huu, nami nauheshimu, lakini nisingependa kuuimbia sana: raba ya tairi la gari haishiki rimu iliyolowa, na Gitega mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka.

Je, serikali iweke bei elekezi? Wasomaji wa Burundi wanajua bei elekezi ilivyofanya kwenye sukari na bia: bei iliandikwa, bidhaa ikapotea, na ilipoonekana iliuzwa kwa mlango wa nyuma kwa bei isiyoandikwa. Spoki nayo itaenda njia hiyo hiyo. Wengine wanaisubiri reli ya kisasa ya kutoka Uvinza hadi Musongati, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Agosti 2025. Reli itapunguza nauli, na kwa hesabu ile ya 2.24 kila dola inayookolewa itasikika mara mbili dukani. Ila reli haileti dola.

Nionavyo mimi, vitu vitatu viko ndani ya uwezo wa watu na havingoji reli. Cha kwanza ni kiwango kimoja cha fedha, au angalau viwango viwili vinavyokaribiana. Bila hicho kila kingine ni kiraka. Cha pili ni ushuru: tairi, tyubu, mnyororo na spoki za baiskeli za kazi zihesabiwe kama pembejeo za mkulima, kwa sababu ndivyo zilivyo, na mapato ambayo hazina ingepoteza hapo ni madogo ukilinganisha na magari. Cha tatu hakihitaji waziri. Vyama vya wanyonzi tayari hukusanya michango ya kila siku. Chama cha Muyinga na cha Gitega vikiweka oda ya pamoja ya vitu vinne tu vinavyokatika kila wiki, vikamlipa mwagizaji mmoja kwa sharti kwamba katoni zao zishushwe Muyinga lori linapopita, vitakuwa vimeondoa ghala la jumla na safari ya kurudi kwa mkupuo mmoja. Atakayeweka oda hiyo ataje kipimo na daraja kwa maandishi, afungue katoni mbele ya fundi kabla ya kulipa.

Kwa sasa lori halishushi. Kutoka Kobero hadi mjini Muyinga ni mwendo mfupi wa gari. Tairi linaufanya likiwa njiani kwenda Bujumbura, na fundi wa Muyinga hulinunua linaporudi.